Watoto Wetu Waende Gishora



Ndugu wazazi, tangu tutangaze safari ya wanafunzi wetu wa madrasa kutoka Muyinga kwenda Gishora, karibu na Gitega, swali ni lile lile: vipi watoto wa Kiislamu wapelekwe mahali pa ngoma za matambiko?

Swali ni la haki. Gishora hapakuwa uwanja wa burudani. Ni mahali pa Mwami Mwezi Gisabo, alipojenga katika karne ya 19 baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa, na ngoma zake mbili, Ruciteme na Murimirwa, zilitukuzwa. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia. Ndiyo maana bendera ya ufalme ya 1962 ilikuwa na ngoma katikati.

Lakini kutazama si kuabudu. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Waislamu wako Misri zaidi ya miaka 1,300 na mapiramidi yapo pale pale. Ndugu zetu Wachamu wa Kamboja wanaishi chini ya bendera yenye hekalu la Angkor Wat, na swala wanasimamisha.

Kuna jingine, nalo kwetu ndilo kubwa. Huyo huyo Mwezi Gisabo, watu wake ndio waliomzuia Rumaliza, yaani Mohammed bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipotaka kuitia Burundi mkononi katika miaka ya 1880. Alikuwa Mwislamu, na Kiswahili hiki tunachosomeshea ndicho kilichokuja na misafara kama yake. Mtoto akiulizwa hilo na mwenzake shuleni, ajibu nini? Afadhali alisikie kwetu, pamoja na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayemuuza mtu huru, Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wake Siku ya Kiyama. Tukinyamaza, atafundishwa na wasiojua tofauti ya Uislamu na biashara ya Rumaliza.

Tutaondoka baada ya Alfajiri kupitia Karuzi. Hakuna mtoto atakayeshiriki tambiko lolote. Adhuhuri tutaswali Gitega mjini, kisha tuingie Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa 1955. Mzazi ambaye moyo wake haujatulia hatalazimishwa, wala mtoto wake asichekwe na wenzake; ila aje kwanza tuzungumze, baada ya Isha tupo.

Wabillaahi taufiq.