Ukurasa wa Mama: Zijue Nywele Zako Kabla ya Kununua Mafuta

Mama anafika sokoni na kukuta makopo ya mafuta ya nywele yamepangwa mpaka juu, mekundu, ya kijani, ya manjano. Jirani yake alitumia lile la kijani na nywele zake zikapendeza. Basi naye analichukua la kijani. Mwezi haujaisha, nywele zake zimekuwa nzito, zinanasa vumbi, tena zinakatika kama zamani. Hapo anayalaumu mafuta. Lakini mafuta hayana kosa. Yalikuwa ya nywele za jirani.

Wasomaji wapenzi, kwa mbali nywele zetu zafanana, lakini ukizishika utaona zatofautiana hata katika nyumba moja. Mtoto wa kwanza anazo laini kama utando wa buibui, na mdogo wake anazo ngumu zinazovunja meno ya chanuo. Siku hizi makopo mengine huandikwa namba, 3 au 4, pamoja na herufi. Namba hizo zilitokana na msusi wa Marekani, Andre Walker, ambaye katika miaka ya 1990 aligawanya nywele za watu katika mafungu manne: zilizonyoka, zenye mawimbi, zenye mizingo, na za kipilipili. Si vibaya kuzijua, lakini zasema umbo tu. Wengi wetu tutaangukia fungu la nne, na bado hatutajua la kununua. Mambo mawili mengine yatufaa zaidi: unene wa unywele, na jinsi unavyokunywa maji.

Unene ni rahisi kupima. Chukua unywele mmoja ulioanguka wenyewe, uusugue kati ya vidole viwili. Kama huusikii, nywele zako ni nyembamba. Kama unausikia wazi, mfano wa uzi wa kushonea, ni nene. Lakini usichanganye unene na wingi. Mtu aweza kuwa na nywele nyembamba zilizosongamana kichwani, na watu wote wakamsifu kwamba ana nywele nene. Naye akiamini, atazielemea kwa mafuta mazito.

Kuhusu maji, wako wanaofundisha kutia unywele katika bilauri, kutazama kama utazama au utaelea. Mimi sikiamini kipimo hicho, kwani mafuta kidogo au vumbi hukigeuza. Afadhali ujitazame siku ya kuosha. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Yakibanana, maji hubaki juu kama matone kwenye jani la mgomba, nywele hukawia kulowa, kisha hukawia kukauka. Yakiwa wazi, hulowa mara moja na kukauka upesi. Nywele zilizotiwa rangi au dawa ya kunyoosha mara nyingi huwa za namna hii ya pili.

Basi, mwenye nywele zilizofungika aoshe kwa maji ya vuguvugu, apake mafuta mepesi, matone machache tu. Mwenye nywele zinazokauka upesi alowanishe kwanza, ndipo apake mafuta mazito, kama ya mbarika. Mafuta ya nazi yafaa kupakwa kabla ya kuosha, kwa sababu hupenya ndani ya unywele na kupunguza udhaifu unaoletwa na maji na sabuni. Lakini mafuta si maji! Hayalowanishi kitu, huzuia tu maji yaliyomo yasitoke upesi. Anayepaka mafuta juu ya nywele kavu ameufungia ukavu ndani.

Nywele za kipilipili, nene au nyembamba, zina shida moja. Kila zinapojipinda pana udhaifu, na mafuta ya asili yatokayo katika ngozi ya kichwa hayafiki vema mpaka nchani. Kwa hiyo usizichane zikiwa kavu. Zilowanishe, tumia chanuo la meno mapana, anza nchani ukipanda kuelekea kichwani. Wengi husema, «Nywele zangu hazikui.» Hukua, kadiri ya milimita 8 kwa mwezi, ila zinakatika nchani kwa kadiri ileile.

Wengine huzikimbilia dawa za kunyoosha. Nyingi zina soda kali, jamaa ya ile itumiwayo kutengenezea sabuni, nayo huunguza ngozi. Tena mwaka 2022 wataalamu wa Marekani, waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, walieleza kwamba waliotumia dawa hizo mara nyingi walipata kansa ya mji wa mimba zaidi kuliko wasiozitumia. Hilo halijathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoileta, lakini latosha kumfanya mama asiharakishe kumtia binti yake dawa.

Na juu ya mabinti nina neno zaidi. Twapenda kuwasuka kwa kukaza ili misuko idumu majuma mengi ya shule, na mwenye nywele nyembamba ndiye tunayemkaza zaidi, kwa kuwa nywele zake huteleza. Nywele za pajini na kandokando ya masikio ndizo huumia kwanza. Tazama hapo: vipele vidogo, ngozi iliyovutwa mpaka nyusi zapanda, nywele fupifupi zilizokatika. Ikitambuliwa mapema na kulegezwa, nywele hurudi. Ikiendelea mwaka hata mwaka, mashina hufa, kovu hushika mahali pake, na hakuna kopo sokoni litakaloziotesha tena. Mwambie msusi alegeze mistari ya mbele. Na binti akishindwa kulala kwa maumivu, ifungue usiku uleule, hata kama umekwisha lipa, hata kama kesho ni sikukuu.