Kibaba Kilichotoboka

Akiba ni sifa njema. Hapana kabila la pwani wala la bara lililomsifu mtu kwa kufuja mali yake, na hapana mama aliyemfunza mwanawe kula leo akaisahau kesho. Mbegu huwekwa ghalani ijapokuwa njaa imo nyumbani; mkulima aliyekula mbegu yake amekula na mavuno yake. Juu ya hayo hapana ugomvi. Ugomvi uko juu ya wale walioifanya sifa hii njema kuwa fimbo ya kumpigia maskini.

Hao ni wahubiri wa akiba. Husikika katika semina, katika redio na katika hotuba za wageni rasmi. Neno lao ni moja, nao hulirudia bila ya kuchoka: maskini ni maskini kwa kuwa hajui kuweka. Kisha hufunga hotuba kwa methali, haba na haba hujaza kibaba, na wasikilizaji hupiga makofi. Methali ni ya kweli. Walakini nusu ya kweli ikikalishwa mahali pa kweli nzima huwa ni jamaa wa uongo. Wahenga waliosema kwamba haba na haba hujaza kibaba ndio hao hao waliosema kwamba bandu bandu huisha gogo. Mhubiri ameihifadhi methali ya kwanza akaisahau ya pili, na usahaulifu huo una faida kwake. Maana methali ya kwanza humuuliza maskini anaweka nini, na ya pili humuuliza mwenye shoka anabandua nini.

Kwanza, si kweli kwamba maskini haweki. Na atazamwe mama lishe wa Dar es Salaam. Huamka kabla ya alfajiri, huwasha mkaa, huchambua mchele, huchemsha maharage. Ikifika adhuhuri amekwisha kuwalisha wachukuzi na mafundi. Ikifika magharibi bado anaosha masufuria. Katika kile kidogo kinachobaki hutoa fungu la upatu. Wanawake 10 wakitoa shilingi 10,000 kila juma, kila juma mmoja wao hupokea shilingi 100,000, na baada ya majuma 10 kila mmoja amepata zamu yake. Hapana karani, hapana riba, hapana mkataba wa wakili. Dhamana yao ni uso wa mtu mbele ya jirani zake. Aliyepokea zamu ya kwanza ana majuma 9 ambayo angeweza kutoroka, na aghalabu hatoroki. Kadhalika vikundi vya vicoba huweka fedha zao katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991, na ulipofika Tanzania haukuwa mgeni, kwa kuwa uliukuta upatu umekwisha tandika mkeka. Watu wenye nidhamu ya namna hii hawahitaji kufundishwa kuweka. Yamkini wangeweza kuwafundisha wahubiri wao.

Pili, na iulizwe akiba hiyo huenda wapi. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 8 na senti za Tanzania. Mwaka 1990 ilitaka shilingi karibu 195. Mwalimu wa shule aliyeweka fedha kidogo kidogo katika miaka hiyo 10, kusudi aezeke nyumba yake kwa bati, aliziona zikiyeyuka kama samli juani. Hakulewa, hakucheza kamari, hakushindana na mtu kwa mavazi. Alitii mahubiri, na utii wake ndio uliomfilisi. Jirani yake aliyenunua bati moja moja kila alipopata senti, akacheka na kuitwa mfujaji, ndiye aliyelala mahali pasipovuja.

Habari hii si ya Tanzania peke yake. Huko Zaire, Desemba 1979, noti za zaire 5 na zaire 10 zilifutwa, na wenye nazo wakapewa siku chache za kuzibadilisha. Waliokaa mbali na benki walibaki na karatasi mkononi. Huko Uganda, Mei 1987, shilingi 100 za zamani zilifanywa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi. Mwenye majumba na mashamba hakukatwa sehemu ya majumba wala ya mashamba yake. Aliyekatwa ni aliyeweka fedha.

Wala si sarafu tu. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, na kwa jasho lao wakakifanya mfano wa kuigwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali nchini kote. Kazi ya miaka 43 iliangushwa kwa amri moja, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Mwaka 2018 watumishi wa umma waliotazamia kupokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo siku ya kustaafu walitangaziwa robo. Kelele zilipopanda, jambo hilo likasimamishwa mwisho wa mwaka huo. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza 40 kwa waliokuwa wakipata nusu. Yawezekana kila hesabu ilikuwa na sababu yake. Lakini mtu aliyekatwa mshahara kila mwezi kwa miaka 30 hakuulizwa, naye ndiye aliyeweka.

Wahubiri watajibu kwamba maskini pia wamo wafujaji. Hapana shaka wamo. Wako wanaochangia harusi ya siku moja kwa fedha ya chakula cha miezi. Wako wanaokimbilia mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wako waliowapelekea matapeli fedha zao, wakidanganywa kwamba mia itazaa mia tatu. Makosa hayo yasifichwe. Lakini ufujaji haukai katika vibanda peke yake. Tajiri akifuja huambiwa ana hadhi. Maskini akifuja huambiwa ana ujinga. Mwenye mizani mbili hafai kuwa mpimaji.

Tena liko kosa lililo baya kuliko yote. Mhubiri humwambia mfanyakazi kwamba ndugu ni mzigo, na kwamba fedha anayompelekea mama yake au anayomsomeshea mdogo wake ni fedha iliyopotea. Ada ya shule za msingi ilifutwa Tanzania mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016; sare, madaftari na nauli havikufutwa, na lazima mtu avilipe. Kijana wa Songea anayebeba zege mjini ili dada yake avae viatu vya shule hakupoteza kitu. Ameweka fedha yake mahali ambapo noti haifutwi, thamani haishuki na amri haifiki. Baada ya yote yaliyozipata akiba za watu katika nchi hizi, nani atakayethubutu kumwambia kwamba amechagua vibaya?

Maneno haya hayamwambii mtu aache kufanya kazi wala aache kuweka. Na afanye kazi, na aweke, kwa kuwa asiyeweka hana hata cha kuibiwa. Lakini asikubali kubebeshwa aibu isiyo yake. Mhubiri wa akiba naye, kabla ya kupanda jukwaani tena, na aende kwanza kwa watunzaji wa sarafu, wa mifuko ya uzeeni na wa vyama vya wakulima, awahubirie wao. Wakipata kusikia, atarudi na kumkuta mama lishe mahali pale pale, akihesabu fungu la juma hili.