KUUNDA CHOMBO SI KAZI YA MAFUNDI PEKE YAO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nimeomba nafasi katika jarida la chama chetu ili nitoe maoni juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Lamu tunalipita kila siku bila kulitazama, nalo ni kuunda vyombo vya mbao kwa mikono. Hoja yangu ni moja. Nasema kazi hii isiachiwe mafundi na watoto wao peke yao. Sisi wengine pia, tusio na baba wala mjomba fundi, tuiingie, tena kwa pamoja, na shule yetu ianze kwa kuunda mashua moja ndogo.

Najua wako watakaocheka. "Wewe msichana, tezo utaishikia wapi?" Chekeni bwana, lakini nisomeni hadi mwisho.

Kwanza, tuitazame kazi yenyewe. Ukienda kijiji cha Matondoni, ambacho sifa zake za uundaji zimeenea, utaona kwamba fundi hafuati mchoro wa karatasi. Mchoro uko kichwani na kipimo kiko machoni. Mkuku hulazwa kwanza, kisha hanamu husimamishwa mbele na fashini nyuma, halafu mbao na mataruma hufuata. Matundu hutobolewa kwa keekee, na msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa ili maji yasipenye. Kila mwanya kati ya ubao na ubao hutiwa kalafati, na chini hupakwa deheni. Mtu asiyejua ataona hii ni kazi ya mtu mmoja hodari. La hasha! Ubao mrefu ule, nani alishika upande wa pili? Mkuku ule mzito, nani aliuinua? Na siku ya kushua, fundi peke yake ataliburura jahazi hadi majini? Hawezi ng'o! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse kushua jahazi.

Pili, kazi hii huzaa udugu hata baina ya watu wasio mafundi kabisa. Mtaani kwetu wako watu watatu: kinyozi, mwenye punda wa kubeba mawe, na karani wa duka. Walichanga pesa wakanunua dau kuukuu lililokuwa limelala mchangani, mbao zake nyingine zimeoza. Kila siku baada ya sala ya alasiri walikwenda kulitengeneza. Mwezi wa kwanza watu waliwacheka sana. Mwezi wa pili, aliyekuja kucheka aliambiwa, "Hebu shika hapa kidogo." Aliyeshika kidogo akarudi kesho yake. Mmoja akaleta msumeno, mwingine akaazimisha keekee ya babu yake, na mama mmoja akawa anapeleka mahamri. Fundi mzee alipita siku moja, akasimama, akatikisa kichwa, akasema, "Huo ubao mmeugeuza." Tangu siku hiyo akawa haendi nyumbani bila kupita pale, na ilipofika kazi ya kalafati wakamwajiri yeye, wakamlipa.

Walikuwapo pia majirani wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya ugomvi wa ukuta. Siku ya kupinda ubao wa ubavuni, mikono ikapungua, na ubao uliopashwa moto haungoji mtu, ukipoa umekwisha. Wale wawili wakajikuta wameshika ubao mmoja, huyu kichwani, huyu mkiani. Sasa utamwambiaje mwenzako "vuta kwako" na hali hamsemezani? Wakasemezana. Ukuta bado uko pale pale, lakini salamu zimerudi. Mimi nilikuwapo, niliyaona kwa macho yangu. Sijaona mkutano wa baraza uliopatanisha watu upesi namna hiyo.

Tatu, jambo hili si la kwetu tu. Huko Scotland, mwaka wa 2009, jumba la makumbusho ya uvuvi katika mji mdogo wa Anstruther lilianzisha mpango wa kuwarudisha watu wa pwani kwenye mashindano ya makasia. Bwana Iain Oughtred, mchoraji hodari wa vyombo, akachora mashua iitwayo St Ayles. Ina urefu wa futi 22, wapiga makasia wanne na mshika usukani mmoja, na umbo lake limetokana na mashua za zamani za kisiwa cha Fair Isle. Mbao zake za plaiwudi hukatwa na mashine, watu wa kijiji wakazinunua kwa fungu na kuziunganisha wenyewe kwa mikono. Wanaounda ni watu wa kila kazi, wazee kwa vijana. Mashua zote sharti ziwe na vipimo vimoja, kwa hivyo tajiri hawezi kununua ushindi. Kijiji kimoja kikimaliza, cha jirani kinaona wivu nacho kinaanza. Mwaka wa 2013 walifanya mashindano yao ya kwanza ya dunia mjini Ullapool, na mpaka sasa mashua zaidi ya 200 zimeundwa, nyingine Uholanzi, Marekani na Australia. Kuna mbio za wanaume, za wanawake, na za mchanganyiko. Mnasikia, ninyi mliokuwa mkicheka?

Sisi pia tuna mashindano ya vyombo hapa Lamu, wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni. Lakini sisi vijana wa shule kazi yetu ni kusimama ufukweni na kupiga vigelegele. Tunashangilia kitu ambacho hatuwezi hata kutaja sehemu zake.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, ufundi ukishikwa na wachache huondoka na wachache hao. Mababu wa visiwa hivi walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mapema katika karne ya 20 mtepe ukatoweka baharini. Leo mwanafunzi wa Lamu anauona katika jumba la makumbusho, mfano mdogo uliosimama pakavu.

Sasa sikilizeni ajabu hii. Mwaka wa 1963 huko Uingereza, Jack Holt na Barry Bucknell walitoa mashua ndogo iitwayo Mirror, ili mtu wa kawaida aweze kuiunda nyumbani kwake. Mbao zake za plaiwudi ziliunganishwaje? Zilishonwa! Walizishona kwa waya wa shaba, kisha wakafunika maungio kwa utepe wa faiba na gundi. Sisemi kwamba waliiga kwetu. Nasema tu kwamba kushona chombo, jambo tulilodhani limepitwa na wakati, kuliwawezesha watu wasio mafundi kuunda mashua zaidi ya 70,000 za aina hiyo. Kwetu mshono ulibaki mikononi mwa wachache, ukafa nao. Kwao uliingia katika mikono mingi, ukaishi.

Siku hizi mafundi wetu wangali wapo, alhamdulillahi, lakini boti za faiba zinazidi kuongezeka gatini, na vijana wengi ninaowajua hawataki kushika tezo. Sisemi faiba ni mbaya. Ni nyepesi na haioti ukungu upesi. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.

Najua pingamizi zitakuwapo, na ni haki nizijibu.

Wa kwanza atasema, "Mbao ni ghali." Ni kweli, wala sitaki tuanze na jahazi. Mwaka wa 1947 huko Clearwater, Florida, Marekani, Clark Mills aliombwa achore mashua ya bei rahisi ambayo watoto wangeweza kuiunda pamoja na wazazi wao. Akachora Optimist, mashua inayotoka katika karatasi mbili tu za plaiwudi, kila moja futi 4 kwa 8. Leo watoto wa nchi nyingi hushindana kwa Optimist, ingawa nyingi sasa ni za faiba. Washindani ni watoto wasiozidi miaka 15, kwa hivyo mimi wa 16 nimeshachujwa! Lakini kuunda hakuna umri. Karatasi mbili za plaiwudi, shule nzima tukichanga, zitatushinda kweli?

Wa pili atasema tutawanyang'anya mafundi riziki. Mimi naona ni kinyume. Wale watatu wa mtaani kwetu walimpa fundi mzee kazi ambayo asingeipata kama lile dau lingeendelea kuozea mchangani. Tena mtu aliyepiga randa ubao mmoja tu, mabega yakamuuma usiku kucha, hatabishana tena na fundi juu ya bei. Atajua analipia nini.

Wa tatu, na huyu pengine ni mwalimu, atasema mitihani iko karibu. Mwalimu, kwa heshima zote, sisi ni shule ya kutwa. Tukitoka saa kumi, wengi wetu hatuendi moja kwa moja kwenye vitabu. Tunakwenda kukaa gatini kupiga soga. Siku mbili kwa wiki hazitamwangusha mtu. Isitoshe, masomo yenyewe yamo humo humo. Pembe na vipimo vya hesabati vimo. Mada ya kuelea na kuzama, tutakayoisoma katika fizikia Kidato cha Nne, imo. Na Kiswahili je? Tunakariri misamiati ya vyombo kama kasuku: mkuku, fashini, foromali, taruma. Ukimwambia mwanafunzi aonyeshe taruma kwa kidole, anakutolea macho. Chama cha Kiswahili kinacholinda maneno na kuviacha vitu vyenyewe vioze, kinalinda nini?

Wa nne atataja hatari. Huyo namuunga mkono. Bahari haina mzaha. Kwa hivyo fundi awepo kila siku ya kazi, mashua ikaguliwe na wanaohusika kabla ya kushuliwa, na asipande mtu bila jaketi la kuokolea.

Basi mapendekezo yangu ni haya. Chama chetu kiungane na wanafunzi wapendao useremala. Tumwombe fundi mmoja mzee awe mwalimu wetu, na alipwe, tusimtake sadaka. Kila anayejiunga, mvulana au msichana, ashike kifaa kwa zamu. Pasiwe na wa kushika tezo na wa kuchota maji. Kila wiki mmoja wetu aandike daftarini maneno ya fundi kama anavyoyasema, na jarida la mwaka ujao liyachape. Mashua ikimalizika iwe ya shule, na wadogo zetu waitunze, kisha waunde ya pili.

Wako wanaokata tamaa wakisema uundaji unakufa tu, na chombo cha kuzama hakina usukani. Mimi nakataa. Chombo hiki usukani kinao, na mikono iko humu humu shuleni. Shime wenzangu! Anayetaka kujiunga aniambie, hata aliyecheka. Yeye nitamwambia, "Hebu shika hapa kidogo."