Picha kubwa, memori ndogo

Wengi wenu munatengeneza picha za ndoa na za kilio kwa ordinatere ya zamani, na mashini inakwama katikati ya kazi. Sababu ni hii: picha katika diski imekunjwa kama nguo katika sanduku. Ukiifungua, inatandikwa yote ndani ya memori. Picha ya nukta 6000 kwa 4000 iko na nukta milioni 24. Kila nukta inaomba baiti 3, ni kusema megabaiti 72 hivi. Ukiweka juu yake tabaka lingine la ukubwa ule ule, zinakuwa karibu mara mbili. Memori ikijaa, mashini inakimbilia diski, nayo inakwenda polepole sana.

Basi fanyeni hivi. Kwanza fungeni programu zingine zote. Kisha mutoe kopi ya picha, muipunguze: kwa karatasi ya A5, nukta 1748 kwa 2480 zinatosha, megabaiti 13 tu. Hifadhini kazi kila mara. Lakini ile picha ya kwanza musiiguse, wala musihifadhi kopi ndogo juu yake. Baba akisha kuzikwa, hakuna atakayempiga picha tena.