Huruma Isiyohesabu Kesho



Juma hili nawaalika tumtafakari kiumbe ambaye wengi wetu humfahamu kwa bei yake ya hotelini tu: kambakoche. Namzungumzia yule wa pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, kwa kuwa kisa chake chatuuliza swali zito: je, yafaa kuwahurumia maskini wa leo kwa kuila akiba ya watoto wao?

Kambakoche huyo, ambaye wanasayansi humwita Jasus lalandii, hukua polepole mno. Gamba lake halitanuki. Hana budi kulivua ili aongezeke, na kila alivuapo hubaki laini, bila kinga. Jike hubeba mayai chini ya mkia wake. Watoto wakishaanguliwa huelea miezi mingi wakiwa wembamba kama jani, nao wanaofika salama miambani ni wachache. Hupita takriban miaka 7 hadi 10 kabla mmoja hajafikia ukubwa wa kuvuliwa kihalali.

Mwanadamu hakuwa na subira hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mavuno yalikaribia tani 18,000 kwa mwaka. Baada ya miongo ya uvuvi uliopita kiasi na ujangili, kambakoche wa kimo cha kuvuliwa wamekuwa chini ya asilimia 3 ya wale waliokuwapo kabla ya uvuvi wa kibiashara.

Kwa msimu wa 2017/18 wanasayansi walishauri zivuliwe tani 790. Wakuu wa uvuvi waliruhusu tani 1,924, wakihofia kwamba punguzo kubwa lingewaumiza wavuvi na jamaa zao. Shirika la WWF lilifungua kesi, na Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Western Cape ikaamua kwamba kiwango hicho kilikiuka sheria na katiba.

Siidharau hofu ya wakuu hao. Wavuvi wa jadi wa pwani ile walitengwa kwa miaka mingi, hata ikawabidi waende mahakamani, wakapata nafuu ya muda mwaka 2007. Si haki kumwambia mtu wa namna hiyo, aliyeanza kuonja juzi, kwamba chungu kimekauka. Hata hivyo, huruma isiyohesabu kesho si huruma. Kambakoche wakiisha, mwenye meli atahamishia mtaji wake kwingine. Mwenye mashua ndogo atahamia wapi? Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mavuno yapunguzwe kama elimu inavyoagiza, na punguzo lianzie kwa wenye fungu kubwa.

Ndugu zangu, Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humruhusu aliyekuta kiota kuchukua makinda, lakini humwamuru amwache mama aende zake. Hekima hiyo yatuhusu nasi, kwani kambakoche wa jamii hiyohiyo huvuliwa katika pwani yetu ya Kenya na Tanzania. Ukiletewa jike mwenye mayai, usimnunue, hata kwa bei ya kutupa. Ukimkuta mtegoni, mrudishe majini. Anayemla huyo amekula chakula cha mtoto ambaye hajazaliwa.

Nawatakia Jumapili njema.