Goku Hajamwibia Liyongo Kitu

Kila tamasha la vitabu lazima asimame mtu, mara nyingi wa umri wa baba zangu, ashike maiki na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi wanamjua Goku lakini hawamjui Fumo Liyongo. Ukumbi unapiga makofi. Mimi makofi hayo yamenichosha. Mtoto hawezi kumjua mtu ambaye hajatambulishwa kwake. Goku naye hakuvunja mlango wa mtu. Alikuja na diski, akapata televisheni, akapata na mtu wa kumsimulia.

Nimekulia Kilwa Masoko, miaka ambayo PlayStation 2 ilishazeeka huko kwao na kwetu ndiyo kwanza inaingia. Banda la gemu lilikuwa la mabati, TV ya chogo, benchi moja, na unalipa kwa mechi. Wengi walifuata mpira. Sisi wachache tulikuwa watu wa Dragon Ball Z: kwanza Budokai, iliyotengenezwa na Dimps na kutoka 2002, halafu Budokai Tenkaichi ya Spike, ambayo toleo lake la tatu, la 2007, lina wapiganaji 161 ukihesabu na maumbo wanayobadilika. Diski zenyewe za kuchoma, jina limeandikwa kwa maka. Umeme ukikatika mechi imekufa na hela imekwenda, na gesi ya Songo Songo inatoka wilaya hii hii. Hilo nitaliandikia siku yake.

Sasa hapa naomba wapenda fasihi wenzangu wanisikilize. Gemu ile ina sehemu ya hadithi, na maandishi yake ni Kiingereza. Mle bandani hakuna aliyekuwa anayasoma. Tulikuwa na kaka mmoja, mkubwa kwetu kidogo, aliyewahi kuona baadhi ya katuni zenyewe, na yeye ndiye aliyetueleza nani kamuua nani, kwa nini Vegeta ana kiburi hata akipigwa, na kwamba yule ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imelipuliwa. Asipojua, anatunga. Ukimwuliza swali la kijinga anakujibu kwa hasira, kama bibi aliyekatishwa ngano. Sisi tulimwitikia, tulimbishia, na kesho yake tulikwenda kusimulia shuleni kwa namna zetu.

Chuoni nilifundishwa sifa za fasihi simulizi: kuna msimulizi, hadhira, utendaji, na tukio hubadilika kulingana na wakati na mahali. Nikazijibu kwenye mtihani. Sifa zote zile zilikuwa kwenye benchi la Masoko, na sijaona mtafiti aliyekwenda na kinasa sauti kwenye banda kama lile. Angalau Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili chake mwenyewe, wasomi walimwandikia. Wa mabandani wamepita hivi hivi, na wanaolia kwamba simulizi imekufa ndio hao hao waliokataa kuinama kuingia mlangoni.

Halafu tuulize Goku katoka wapi. Akira Toriyama alianza kumchora mwaka 1984, na hakumtoa hewani. Son Goku ni namna Wajapani wanavyolisoma jina la Sun Wukong, nyani mkorofi wa Safari ya Kwenda Magharibi, riwaya ya China ya karne ya 16. Fimbo inayorefuka inatoka humo. Wingu la kupanda linatoka humo. Hata Oolong, yule nguruwe mwenye tamaa, ana babu yake kwenye riwaya hiyo. Toriyama alichukua kitabu cha safari ya kuleta maandiko matakatifu ya Kibudha akakijaza utani, magari na dinosaria. Hakuomba ruhusa kwa kamati ya urithi. Na kitu hicho, chenye mizizi kwa Wachina na kimekorogwa na Mjapani, kimekuja kuchezwa ng'ambo ya Kisiwani, mahali ambapo vigae vya sahani za Kichina bado vinaokotwa kwenye magofu. Ugeni gani tunaouzungumzia?

Sisi tumefanya nini na vya kwetu? Tumevihifadhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1981, na ni vizuri. Lakini historia ya kale ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo nakala yake iko London, ina mkasa ambao mtengeneza gemu yeyote angeupigania. Ali bin al-Hassan anafika kwa jahazi kutoka Shiraz. Anakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Aliyekiuza anahamia bara, moyoni amepanga kurudi maji yakipwa, avuke kwa miguu na watu wake. Ali anauchimba mkondo, na njia inakatika. Hebu fikiri: uwanja wa mapambano unaobadilika kwa kupwa na kujaa, saa inahesabu, mmoja anachimba na mwingine anavuka. Badala yake tumemweka Ali kwenye kitabu cha kiada, aya moja, chini yake maswali matano.

Na nisieleweke kwamba nadai gemu ya kizalendo. Mungu atuepushe na gemu itakayouliza swali la historia kila baada ya ngumi mbili. Budokai ilithubutu kuuchezea hata mkasa wake yenyewe: kuna mahali Cell anammeza Krillin kwa bahati mbaya na kugeuka kichekesho, kumbe ni ndoto. Nani kati yetu anamgusa Liyongo kwa mkono huo?

Mabanda yana mabaya yake. Ada ya mitihani iliishia pale, na wasichana hawakukaa kwenye benchi lile. Dada zetu waliisikia hadithi kwetu, nyumbani, ikiwa imeshapitia midomo ya wavulana. Ukitaka kuyashambulia mabanda, anzia hapo, nitakuwa upande wako.

Lakini Liyongo mwache nje ya lawama hizo, maana yeye angelipenda banda. Soma utendi alioutunga Muhamadi Kijuma mwaka 1913. Tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa, ngoma inapigwa gerezani ili mlio wa kukata minyororo usisikike. Goku mdogo ukimshika mkia nguvu zinamwisha. Liyongo ni kitovu, na sindano ya shaba. Anayeichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Mchezaji apewe pedi amwongoze nani hapo: baba aliyelala, au mtoto aliyesimama na sindano? Na akishachomwa, Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, na anafia hapo hapo akiwa vile vile. Mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa maiti. Siku ngapi zipite kabla mtu hajathubutu kusogea, na abonyeze nini?