Mashine ijirekebishe, lakini swichi abaki nayo muuguzi

Wasee, mama mjamzito huku Rangwe akipigwa altrasaundi, mawimbi ya sauti yanayoingia tumboni huchoka njiani. Mwili huyameza kama nusu desibeli kila sentimita, kwa kila megahezi moja. Tumia megahezi 3.5: mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 unarudi na chini ya sehemu moja kwa 3,000 ya nguvu yake. Ukiuacha hivyo, picha itang'aa juu na chini kuwe giza.

Kawaida mhudumu husukuma vitufe vya pembeni, kimoja kwa kila kina, hadi picha ilingane. Siku hizi mashine nyingi hujirekebisha zenyewe. Hiyo ni poa, kwa sababu WHO inataka kila mjamzito apigwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24, na wataalamu wa picha mashinani ni wa kutafuta.

Lakini tusidanganyane. Kivuli nyuma ya jiwe la nyongo ni habari. Mng'ao nyuma ya uvimbe wenye maji pia ni habari. Mashine ikisawazisha kila kitu inaweza kufuta dalili zenyewe: picha safi, ugonjwa umejificha.

Kwa hivyo kaunti ya Homa Bay ikinunua mashine, inunue na mafunzo. Muuguzi ajue kuzima hiyo otomatiki na kulinganisha picha mbili. Na sisi vijana, siku ya kukata utepe tusipige selfi tu. Tuulize: nani hapa amefunzwa kuisoma?